Rejeta ya Oili ya Ambokile

Usiponiamini sitakulaumu, hata mke wangu haniamini. Lakini haya yalinipata mimi, mchana kweupe, mlangoni mwa gereji yangu hapa Ipinda, na sikuwa nimelewa.

Rafiki yangu Ambokile alikuwa anaunda ndege. Ndiyo, ndege, ya mtu mmoja, kwenye banda la kakao la baba yake. Akaifunga injini ya rotari, ile isiyo na pistoni, aliyoitoa kwenye gari kuukuu. Oili ya injini hiyo huchemka vibaya, lazima ipite kwenye rejeta yake yenyewe ipoe. Kuchagua rejeta hiyo akaniachia mimi. Fundi si nilikuwa mimi?

Zilikuwa mbili. Mpya, kubwa, tungeisubiri kutoka Dar. Nyingine nilikuwa nayo, nimeifungua kwenye lori lililonoki, injini yake ikafa. Sasa, fundi yeyote anajua: injini ikinoki, beringi husagika, na chenga za chuma hujificha ndani ya rejeta. Uioshe vipi, hazitoki zote, na zikiingia kwenye injini nyingine huiua. Mimi niliiosha kwa petroli mara tatu, nikaitikisa sikioni, nikajiambia imetakata. Ukweli ni kwamba nilitaka sifa. Nilitaka Kyela nzima iseme ndege imeruka kwa kifaa changu.

Ambokile aliniuliza mara moja tu.

"Kaka, hii imetoka kwenye injini nzima?"

"Nzima," nikasema.

Aliruka kutoka mchangani Matema, kando ya ziwa, tukapiga makofi. Juu ya ziwa injini ikakata ghafla, ndege ikaingia majini upande wa Lyulilo. Yeye wavuvi walimpata, tukamzika. Ndege haijaonekana mpaka leo.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, saa saba mchana, nimeinama kwenye gari la mteja, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Ambokile, na ovaroli yake ya bluu. Hakuwa na jeraha wala hakutisha, niamini. Alionekana mtu mwenye haraka zake. Mkono wa kulia ameshika rejeta mpya, ingali na nailoni. Wa kushoto ameshika ile ya lori, na alama ya kuchomelea niliyoiweka mwenyewe. Ile iliyozama ziwani.

"Kaka, nisaidie kuchagua. Hii imetoka kwenye injini nzima?"

Unadhani nilijibu nini? Nilikuwa nimepewa nafasi asiyopewa mtu. Lakini mama yake alikuwa dukani, ng'ambo ya barabara, nikaogopa atasikia.

"Nzima," nikasema.

"Ndaga fijo, kaka," akanishukuru kwa Kinyakyusa, kama kawaida yake. Akaiweka ile mpya chini taratibu, akaondoka na ile ya lori. Nilipoinama kuiokota ile mpya, hapakuwa na kitu.

Tangu siku hiyo wavuvi wa Matema husikia mlio wa injini juu ya ziwa, mchana, wala ndege hawaioni. Kisha mlio unakata. Wao hubishana ni nini. Mimi najua ni nani, na najua anaanguka upya kwa sababu ya jibu langu la pili. Mama yake bado huniletea mchele, eti nilimsaidia mwanawe. Naupokea, naula, na naona aibu kila tonge.

Fundi mwenzangu, mtu akikuuliza, mwambie ukweli angali hai. Usijidanganye kwamba akirudi ndipo utamwambia. Mdomo utakuwa umeshazoea.