Bonge wa Upande wa Pili

Kwa misimu tisa ya mpira wa Kimarekani kazi ya Tolliver ilikuwa kumzuia yule bonge wa timu pinzani asimfikie mrushaji wa mpira wa timu yake, na alimjua kwa pua kabla ya macho: peremende na dawa ya kuchua. Vidole vya bonge vilipinda kama tangawizi, na kila alipoinama tayari kuvamia, alivichezesha juu ya majani kama anayepiga kinanda cha kanisani. Sauti ndiyo iliyokuwa balaa, nyembamba, tamu, isiyokoma. “Shemeji hajambo, kaka? Bado anaoka ile pai ya viazi vitamu?” Kisha kishindo, na Tolliver yuko chali anatazama mawingu ya Ohio.

Jumapili ile ya theluji timu ya Tolliver ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, imebakiwa na mtupo mmoja wa kuokoa msimu. Bonge akainama, mvuke ukimtoka puani.

“Nasikia umepata mtoto.”

Tolliver akakaza meno.

“Wa kike?”

“Wa kike,” likamponyoka.

“Anaitwa nani?”

“Bado tunabisha—”

Mpira ukaanzishwa. Tolliver alipigwa kumbo akaenda chini, na alipoinua kichwa, mrushaji wake alikuwa amelazwa kwenye theluji, mpira uko mikononi mwake bado, uwanja mzima unapiga mayowe. Bonge akarudi mbio, akamnyanyua Tolliver kwa mikono miwili.

“Haya, mnabishania jina gani?”

“Mimi nataka Ernestine, la bibi yangu. Mke wangu hataki.”

“Shemeji ana akili!”

Tolliver, msimu wake umekwisha, akaangua kicheko mpaka kofia ngumu ikamziba macho.

“Ernestine?” mrushaji akauliza kutoka chini, akitema theluji. “Hata mimi sitaki.”