Umri wa Pedali Hausomwi Mahali Pamoja

Ipo siku moja hainitoki, mwanangu, na kila mtu anaponiletea pedali kuukuu nimwambie ni ya mwaka gani, kama ulivyoniletea wewe leo, siku hiyo hunirudia na mikono yangu hukosa pa kukaa. Nivumilie nikisimama-simama. Mimi si mtu wa kutulia, na ujanani nilikuwa mbaya zaidi.

Nilikuwa mpiga gitaa la rizimu katika bendi ya shirika moja la umma, Temeke. Enzi hizo vyombo vyote vilikuwa mali ya shirika, magitaa, maspika, hata nyaya. Mpiga solo alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo mpole asiyependa maneno mengi, na yeye peke yake ndiye aliyekabidhiwa pedali, kile kiboksi cha kijani cha kukanyaga kinacholifanya gitaa likwaruze kama mtu aliyepwewa na sauti. Nilikitamani kile kiboksi, na kiti chake nilikitamani zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na kila tulipopanda jukwaani niliona nachelewa, ingawa hata leo sijui nilikuwa nachelewa wapi.

Ndipo mageuzi yakaja, shirika likawa linauzwa. Bwana mmoja mwenye baa Kinondoni alikubali kuchukua vyombo pamoja na wanamuziki wachache, si wote. Roho zetu zilikuwa juu juu, kila mmoja akipiga hesabu nani atabaki na nani ataachwa.

Kabla ya makabidhiano, afisa ugavi alituita ghalani kukagua mali kwa orodha. Kila chombo kilikuwa na namba iliyobandikwa, lakini ya pedali ilikuwa imefutika kwa miaka ya kukanyagwa.

"Nitajuaje kama ndiyo yenyewe?" akauliza. "Siku hizi Kariakoo kumejaa feki." Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anafanya kazi yake.

Nikanyoosha mkono. Wiki chache nyuma, mpiga gitaa mmoja wa kigeni aliyekuwa akitumbuiza hotelini Mbezi Beach alinionyesha namna ya kusoma umri wa pedali. Unafungua mfuniko wa chini, na mgongoni mwa voliumu, yaani kile kipande kinachozungushwa na kifundo cha nje, unakuta tarakimu za mwaka wake zimepigwa chapa. Alinifundisha kwa alasiri moja. Alitaka kuendelea, nami nikasema nimeshaelewa, nikaaga.

Nikachomoa bisibisi, nikaifungua mbele ya wote. Nikasoma voliumu ya kwanza. Mwaka wake ulikuwa miaka minne mbele ya ule ulioandikwa kwenye orodha.

"Siyo yenyewe," nikasema. "Hii imetengenezwa baada ya ile kununuliwa."

Ghala zima likamgeukia Mzee Kondo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mzee hakujitetea. Alisema tu, "Kifungeni, vumbi litaingia." Afisa akaandika kwamba pedali imebadilishwa, na kuanzia jioni ile yule mzee akawa mwizi midomoni mwa watu. Kinondoni hawakumchukua. Kiti nikapewa mimi, nami nikakikalia bila aibu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini unavunja mifupa ya wenzako.

Haikupita miezi mingi, pedali niliyorithi pamoja na kiti ikaanza kukatakata sauti. Nikaifungua nyumbani mchana mmoja, safari hii nikageuza mpaka ubao wa ndani. Zilikuwamo voliumu tatu. Mbili zilizobaki sikuwa nimezitazama kabisa siku ile, na zote mbili zilikuwa na mwaka wa kwenye orodha. Ile ya kwanza ndiyo mgeni. Lehemu yake ilikuwa nene, kazi ya mkono, na ya zile nyingine nyembamba kama ilivyotoka kiwandani. Pedali ilikuwa ile ile, kilichobadilishwa ni kipande kimoja kilichokufa. Nikaona aibu, na kesho yake asubuhi nikamfuata Chanika, alikohamia kulima mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Pedali ni ile ile, mzee. Mbona siku ile hukusema?"

"Uliniuliza?" akasema, jembe bado mkononi. "We ulikiuliza kiboksi, na mie nimesimama hapo hapo. Ile voliumu iliingia jasho ikafa, nikanunua nyingine, nikaichomea mwenyewe. Ungeniuliza ningekwambia."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Umri wa kitu hausomwi mahali pamoja. Mie nina meno mawili ya bandia. Ukiyasoma hayo utasema Kondo kazaliwa juzi." Alicheka peke yake. Kisha akauliza, "Pale ghalani mlikuwa wangapi?"

"Ukiacha sie wawili, kumi na saba."

"Basi radhi yangu iko kwao. Nenda ukamwambie kila mmoja, kwa mdomo wako ule ule. Kiti sikitaki, mgongo wenyewe unauma. Nalitaka jina langu."

Nilihangaika kwa miaka zaidi ya kumi. Mbagala, Mbezi Luis enzi hizo bado mashamba, Kigamboni, mpaka Morogoro. Watu walikuwa wametawanyika wakitafuta riziki mpya. Wengine walinicheka, wengine wakaniambia nisiwasumbue na mambo ya zamani. Afisa ugavi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema makaratasi yalikwenda na shirika, hana tena pa kufuta. Niliwapata kumi na wanne, na Mzee Kondo akafariki kabla sijawapata watatu waliobaki.

Nilikwenda kumzika. Tukiwa bado tunafukia, kijana mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu si ndo yule mzee aliyeibaga vyombo vya bendi?" Nikageuka kumtazama. Hakuwa mmoja wa wale kumi na saba. Siku ile ya ghalani alikuwa hata shule hajaanza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukitaka kujua mwaka wa pedali, soma voliumu zote, soma na chipu, vile vidude vyeusi vya ubaoni, tazama lehemu kama imeguswa na skrubu kama zimechubuka, kisha mtafute aliyeikanyaga umuulize, ndipo useme. Na kama neno lako litamgusa mtu, anza na mtu huyo kabla hujashika bisibisi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo hii yako siifungui leo, nenda kwanza kamlete aliyekuuzia.

Nenda salama. Mungu akupe jicho la kuona na subira ya kukinyamazia ulichokiona nusu, na akuepushe na neno ambalo utalikimbiza maisha yako yote usilifikie.