Nusu ya Mteremko

Nyumba yetu ya kwanza katika kijiji cha ujamaa, upande wa Ihanja, ilianza kama karatasi. Kijana wa Kizungu kutoka Skandinavia, aliyeletwa kuwafundisha wanakijiji ujenzi wa nyumba bora, aliikunja katikati, akaisimamisha juu ya kiberiti na kuiweka kwenye kigoda mbele ya baba. Siku hizo tuliishi katika kibanda cha matawi, kwenye safu ya vibanda vilivyonyooka kama gwaride, na upepo uliingia na kutoka bila kubisha hodi. Karatasi ikaanguka. Kijana akaisimamisha tena, safari hii akaishikilia kwa vidole viwili.

"Hivi ndivyo wanavyojenga kwetu shambani," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno limepanguswa vumbi. "Nyumba nyembamba, urefu wake mara mbili ya upana. Ukuta kimo cha mtu. Paa juu yake, kimo cha mtu tena."

"Paa sawa na ukuta?" baba aliuliza.

"Sawasawa. Nyasi hazipendi kulala, Ndugu. Zikilala zinakunywa maji."

Akaeleza kwamba wembamba ule ulikuwa na faida yake, maana miti mirefu ilikuwa haba na nyumba nyembamba hutosheka na miti mifupi. Kwao, akasema, paa kali kama lile huangusha theluji. Jirani yetu, mtu asiyeweza kuuona mdomo wake umefungwa akatulia, akauliza theluji ni kitu gani. Akaambiwa ni mvua iliyoganda.

"Sisi hata ile isiyoganda hatuipati," akasema. "Na hiyo nyumba yako imevaa kofia. Inasafiri?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Yeye ndiye aliyechaguliwa kujenga nyumba ya mfano, na alikuwa na haraka ambayo wenzake hawakuwa nayo. Mama yake, bibi yangu, alikuwa bado kule tulikotoka, peke yake katika tembe lake. Amri ya kuhama ilikwisha kutoka, na mgambo walikuwa wakipita boma kwa boma kubomoa mapaa ya waliobaki. Bibi alikuwa ametuma neno kwamba atakuja siku atakapoonyeshwa nyumba, si kichaka. Baba alitaka afike kwa miguu yake mwenyewe, asifikishwe na mgambo.

Asiyelijua tembe hawezi kuelewa kilichofuata. Ni nyumba fupi, na paa lake ni tambarare, la boriti, fito na udongo ulioshindiliwa. Paa hilo ni uwanja wa mwanamke. Bibi alianika juu yake uwele, mtama na mlenda. Akiwa pale juu aliwaita wachungaji, akagombana na majirani wa ng'ambo ya bonde, akamwona mgeni kabla mgeni hajaliona boma. Nilipokuwa mdogo sana niliamini kwamba alizaliwa huko juu.

Baba alinichukua tukaenda kumweleza habari za nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunihamisha?"

"Kukusalimia, mama. Na kukuonyesha nyumba."

Hakuwa na karatasi. Aliunganisha ncha za vidole vyake, viganja vikasimama kama mtu anayesali. Bibi akavitazama.

"Nitaanika wapi?"

"Tutakutengenezea uchaga. Au tutatandika mkeka chini."

"Chini! Nishinde na fimbo nikifukuza kuku wa watu? Mke wako hajakuambia kwamba uwele wa chini una mchanga?" Akanyoosha kidole. "Shusha hiyo mikono."

Baba akaishusha kidogo.

"Shusha."

Akaishusha tena, mpaka viganja vikawa karibu kulala.

"Hapo," Bibi akasema. "Hapo naweza kupanda."

Tembe kamili lisingekubaliwa. Kamati ya kijiji ilikwisha kulipiga marufuku, ikisema ni mambo ya kale, na nyumba ya mfano ilikuwa lazima iwe na mgongo wa paa unaoonekana toka barabarani. Lakini kwetu mtu hamkatalii mama yake jambo aliloliomba akiwa peke yake nyumbani kwake. Baba hakuweza kuikatalia kamati, wala hakuweza kumkatalia mama. Basi akaukata mteremko wa paa nusu. Alidhani amewapa wote wawili.

Kijana wa Kizungu aliporudi alikuta miti imekwisha kupigiliwa. Aliizunguka nyumba yote akiinamisha kichwa upande.

"Ndugu, huu ni mteremko wa bati. Una bati?"

"Sina."

"Utaweka udongo?"

"Udongo utaporomoka."

"Sasa huu ni mteremko wa nini?"

Baba aliendelea kufunga kamba. "Ni wa mama," alisema.

Kijana alimwambia aongeze unene wa nyasi, akashika ngazi ili baba asianguke, na majuma machache baadaye akapelekwa wilaya nyingine. Jirani yetu alingoja aondoke ndipo akamwita mama yangu, "Shemeji, njoo utoke nje. Nyumba yako imeinama kama mtu anayeomba radhi."

Bibi alifika kabla ya mgambo, na vibuyu vyake, na ngozi yake ya kuanikia. Kesho yake akapanda. Alitandika ngozi juu ya nyasi, akamimina uwele, akausambaza kwa kiganja, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule niliouzoea. Kisha ngozi ikaanza kuteleza. Aliishika upande mmoja, upande wa pili ukamwaga. Uwele ukaingia katikati ya nyasi, na hakuna ufagio unaoweza kufagia nyasi ili zitoe punje. Kuku wakaruka juu, wakaanza kuparua. Watoto wa safu nzima walikuja kutazama. Bibi akashuka bila kushikwa mkono, akakung'uta nguo yake, akaingia ndani. Hakupanda tena.

Mwaka ule mvua ilikuja kama iliyokuwa imekopwa na miaka mingine, sasa inarudishwa yote. Nyasi zililala, zikanywa. Mwanzoni maji yalidondoka mahali pamoja, nasi tukaweka chungu. Halafu yakadondoka kila mahali na vyungu vikatuishia. Kitanda cha Bibi tulikihamisha kutoka pembe hadi pembe. Akaanza kukohoa. Nje, punje zilizobaki katika nyasi ziliota, paa letu likawa la kijani, na wageni wa mkoani walipopita, kiongozi wa kijiji aliwapeleka kwa njia nyingine.

Kiangazi kilipoingia baba aliliezua paa lote. Alikwenda porini, akarudi na miti, akalipandisha kama karatasi ilivyoonyesha, ukuta kimo cha mtu, paa kimo cha mtu. Hakumwuliza mama yake. Ilikuwa nyumba nzuri, lazima niseme. Ukiitazama kutoka barabarani ilisimama na vipimo vyake kama kitu kilichofikiriwa, na wageni walianza kuletwa tena.

Bibi alilala katikati yake, macho juu, kule ambako moshi ulipotelea gizani.

"Kule juu mmemwachia nani?" aliniuliza siku moja kwa Kinyaturu.

"Hakuna mtu, Bibi. Baba anasema ni nafasi ya hewa."

"Nafasi yote ile." Akakohoa. "Mwambie baba yako anisogeze."

Alitaka asogezwe kando, kwenye ukuta, mahali ambapo paa linashuka. Baba na mama walikibeba kitanda naye akiwa juu yake, kwa kuwa alikuwa mwepesi. Tulipokiweka, alinyoosha mkono, vidole vikazifikia fito za paa zilizoshuka hadi ukutani, akazishika. Tangu siku hiyo kila nilipompelekea uji nilimkuta mkono wake uko pale.

Alifariki hapo, uwele ukiwa bado haujatoa masuke, asubuhi moja ya mvua kubwa. Wanawake waliingia wamelowa, wakaketi pakavu. Baba alisimama katikati ya nyumba ameinua uso, akalitazama paa kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.