Hina kwa Umri Wangu

Kofi la kwanza lilinipasua mdomo, na mwongozaji akasema halikutosha.

Tulikuwa jikoni kwa madam wangu, Al-Rawdah, Jeddah. Alikuwa amewakodisha watu wa filamu nyumba yake kwa wiki moja. Mwigizaji wao wa kucheza mfanyakazi wa ndani hakutokea, mwongozaji akaniona nikipeleka kahawa, akaniomba kwa madam kama mtu anavyoazima ngazi. Nina miaka hamsini na saba. Ilikuwa filamu ya watu wazima, alinieleza, watoto hawataruhusiwa kuiona, kwa sababu ndani yake mwanamke mzee anamtamani mwanamume na anatamaniwa.

"Hakuna anayewaonyesha wanawake wa umri wako wakiwa na moyo, mama," akasema. Kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu zimechongwa vizuri. Nilitaka kumuuliza moyo wangu aliuonea wapi.

Katika hadithi yake, tajiri anamkuta mfanyakazi ametia hina miguuni. Anampiga amtaje mwanamume. Mfanyakazi anapiga magoti, analia, anasema, "Sina mtu, madam." Niliposikia hayo nilikasirika, na nikakubali kuigiza.

Maneno hayo nilishayasema. Miaka sita nyuma nilifanya kazi Riyadh, Al-Sulimaniyah. Dereva wa nyumba ile alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Kitale, amefiwa na mke. Aliniita mrembo, na hakuwa akinicheka. Siku moja alirudi kutoka soko la Batha na hina, nikajipaka. Madam wa huko aliiona nikipeleka chai. Alianza na kiatu, akaja na waya wa pasi.

"Bibi mzima! Hina ya nani?"

Alinipiga mgongoni, shingoni, masikioni. Nilikuwa nimebeba sinia la glasi sita na nililishikilia, maana glasi moja ikivunjika kipigo kinaanza upya. Damu ilidondoka kwenye chai.

"Sina mtu, madam," nikasema. Nikarudia. Nilipogeuza uso nilimwona dereva mlangoni, mtungi wa maji begani, amesikia yote. Aliutua taratibu, akatoka. Madam alikuwa ameshatambua, na kesho yake kafili, mdhamini wa viza yake, alimpeleka uwanja wa ndege arudishwe kwao. Makovu ya waya yalipona. Aibu ya kumkana mtu akisikia haijapona mpaka leo.

"Lia, mama! Piga magoti!" mwongozaji alinipigia kelele. Kofi la pili. La tatu. Mwigizaji aliyecheza tajiri, mwanamke wa rika langu, alikuwa na pete tatu mkononi na zote nilizihisi.

"Nileteeni sinia," nikasema. "Glasi sita, zijae chai. Mtu wa umri wangu hapigi magoti ovyo, magoti yanauma."

Mwongozaji alicheka, kisha akaacha kucheka. Sinia likaja. Nikamwomba yule mama achukue waya wa pasi, na asinionee huruma.

"Hina ya nani?" Waya ukanikata shingo. Chai ya moto ikanimwagikia vidoleni, glasi zikagongana, sikuangusha hata moja. Nikageukia mlangoni. Alisimama pale fundi wa taa, kebo begani, hajui kwa nini namtazama hivyo.

"Ya mwanamume wangu," nikasema kwa sauti. "Ninaye."

"Hapana! Sema huna mtu. Yalla, tena!"

Waya. "Ninaye." Tena, na waya ukanipata sikio. "Ninaye." Mara ya tano yule mama aliutupa waya sakafuni, akakaa juu ya kreti la maji huku analia, yeye aliyepaswa kupiga.

"Halas, basi," alimwambia mwongozaji. "Amesema anaye."

Niliweka sinia mezani. Nikajifunga kitambaa shingoni, nikaingia chumba cha kufulia, nikapiga namba ya yule dereva, Kitale, ambayo kwa miaka sita sikuthubutu kuipiga. Alipokea mwenyewe. Sikumsalimu hata, nilimweleza moja kwa moja nilivyopigwa na nilivyosema mbele ya watu wote.

"Na hao watu, walikuumiza sana?" akauliza.

"Leo, au siku ile?" nikamuuliza.