Anavua saa sita mchana, wenzake wanasema ni sumu

Saa tano na nusu asubuhi. Wavuvi wote wa bwawa hili, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, wamekwisha kuondoka. Walifika alfajiri, wakatetemeka kwa baridi ya Julai, wakarudi mikono mitupu. Ni sasa ndipo Lwaboshi anaposhuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akiwa na ufito mmoja na ndoo yenye kifuniko.

Mtu anayekwenda kuvua wenzake wakirudi ana lake jambo. Ndivyo wanavyosema huku, na mwandishi wa makala haya, ambaye kazi imemfundisha kutoamini ndoo yoyote iliyofunikwa, alifika na mawazo hayo hayo.

"Hebu fungua," mwandishi anamwambia.

Anafungua bila kinyongo. Ndani kuna maji, nusu ndoo.

"Onja basi," anasema Lwaboshi huku akicheka.

Mwandishi hakuonja.

Lwaboshi ana miaka 52. Alikuwa mwalimu wa hesabu mjini Bukavu, na Jumapili baada ya misa alivua Ziwa Kivu kwa kujifurahisha tu. Alifika Malawi mwaka 2008 na mkewe, Antoinette. Leo, mwaka 2014, samaki ndio kazi yake. Katika miezi hii ya baridi, wengine wanapokaa wiki nzima bila kuona hata magamba, yeye hutoka na perege wanne, siku nyingine tisa. Kwa nini yeye peke yake?

Jibu la majirani ni moja: utupa. Ni mmea ambao ukipondwa na kumwagwa majini, samaki hulewa na kuelea, wakubwa kwa wadogo.

Kwa sababu ya maneno hayo, Antoinette hauzi samaki aliyekufa. Huko sokoni kambini perege wake wanaogelea ndani ya beseni, na mteja haridhiki mpaka mmoja amrushie maji usoni. Akizidiwa na samaki, hupanda nao basi dogo hadi soko la Area 25, Lilongwe, ndoo akiikumbatia mapajani.

"Mi nakula samaki yake mwaka wa pili huu," anasema Goreth, mteja wao wa kila Jumanne, kidole kikiwa tayari ndani ya mashavu ya perege. "Lakini kila siku naangalia kwanza. Huwezi jua!"

Antoinette anamsogezea beseni. "Angalia, mama, angalia," anasema. "Ukimaliza, unawe mikono."

Wiki mbili zilizopita maneno yalifika kwa Bambo, yaani Bwana, Kamfose, mkulima na mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Alimpa Lwaboshi siku saba. Athibitishe mbele ya kamati kwamba hatumii sumu, la sivyo wanakwenda polisi.

Hapo ndipo kicheko kinapomwishia Lwaboshi. "Kufukuzwa bwawani si kitu," anasema. "Kesi njo kitu. Mi na bibi yangu tunangojea kupelekwa inchi ingine, miaka sita sasa. Dosye yetu, ile faili ya wakimbizi, iko safi. Kesi ya sumu ikiingia mule ndani, nani atatupokea? Niambie, nani?"

Mwandishi anarudi kwenye swali lake.

Basi siri ni nini? Lwaboshi anaieleza kama mtu anayefundisha kugawanya, na kila neno mwandishi alilichunguza mara mbili. Mwaka wa kwanza naye alikuja alfajiri, wiki tatu, asipate kitu. Siku ya mgao wa mahindi foleni ilimchelewesha, akafika mchana. Akapata samaki watano.

"Alfajiri maji iko baridi, samaki hana hamu ya kula," anasema. "Ngoja jua ipige maji. Na upepo inatoka kule kusini, inasukuma maji ya moto huku kaskazini, penye maji mafupi. Samaki anakuja kuota jua, kama we na mi. Siku ya chiperoni, ile rasharasha ya baridi, mi sitoki hata kwa blanketi."

Chambo chake ni tonge la nsima, ugali wa huku, dogo kama punje ya mchele, kwani samaki wa baridi hafungui mdomo sana. Boya ni kipande cha kandambili. "Usingoje boya izame," anaonya. "Baridi, haizami. Inainama kidogo tu, kama mtu anasinzia. Njo unavuta, polepole."

Kisha sharti kubwa kuliko yote. Mchana jua hukaa kaskazini, mgongoni kwa mvuvi, na kivuli chake huangukia majini. Kwa hiyo kaa chini, usitembee, na asikusogelee mtu.

Asikusogelee mtu! Hayo si ndiyo maneno ya mtu wa sumu? Mwandishi alijiuliza hivyo, na hakuwa peke yake.

Jumamosi iliyopita kamati ilifika yote, watu tisa. Walimpekua mifukoni, wakamvua kofia, wakanusa nsima yake. Kisha wakajipanga nyuma yake, wamesimama ukingoni, macho hayabanduki mikononi mwake. Vivuli tisa vikalala juu ya maji.

"Naomba mukae chini, mbali kidogo," Lwaboshi aliwasihi kwa Kichewa chake cha kuokoteza.

"Mbali ili ufanye nini?" Kamfose akauliza.

Saa nzima ikapita. Boya halikutikisika. Mjumbe mmoja akasema wazi kwamba leo dawa imekosekana, ndiyo maana. Wengine wakacheka. Antoinette, aliyekuja na beseni lake tupu, akageuka na kufuta macho kwa kitenge. Kamfose alikwisha kuiona njia ya kwenda polisi. Alikuwa tayari amechukua baiskeli yake.

Lwaboshi akasimama. Hakubisha. Akauweka ufito mikononi mwa Kamfose, akarudi nyuma hatua thelathini, akapandisha mikono yote miwili kichwani kama mfungwa.

"Vua wewe, bambo," alisema. "Wenzako wanilinde mimi. Lakini lala kifudifudi."

Kamfose aliugeuzageuza ufito, akitafuta mtego. Mwisho akalala, na koti lake la kanisani, tumbo matopeni. Wale wengine wakamfuata Lwaboshi kumlinda, na hivyo, bila kujua, wakaondoa vivuli vyao majini. Mwandishi aliangalia saa. Baada ya dakika kumi na nane, kipande cha kandambili kiliinama kidogo.

"Polepole!" Lwaboshi aliita kwa sauti ya chini kutoka kule juu, mikono bado kichwani.

Perege alitoka, mpana kama kiganja, akirusha mkia. Na mnajua mwenyekiti alifanya nini? Alimfungua mashavu samaki wake mwenyewe, akayakagua, akamnusa. Alipoinuka, alikuwa na tope hadi kidevuni.

"Zikomo," alishukuru hatimaye. "Shusha mikono." Polisi hawakuitwa, na Antoinette akacheka kwa sauti mpaka akakaa chini.

Jumatatu watu kumi na mmoja walikuwa ukingo wa kaskazini. Walifika alfajiri, wakasimama wima. Hawakupata kitu, na mwandishi alisikia mmoja akisema Mkongomani huyu lazima kuna kitu alificha.

Lwaboshi yeye hana habari nao. Mawazo yake yako kwenye dosye. Émile, mpwa wake aliyekwisha kuhamishiwa Kanada, amemwambia kwa simu kwamba huko maziwa huganda, watu hutoboa barafu na kuvua samaki aitwaye trauti, anayependa baridi kuliko joto.

"Samaki chini ya barafu!" anasema, akikunja mshipi wake. "Hapana. Huyu mutoto anadanganya mjomba wake. Samaki gani anapenda baridi?"

Mwandishi anamuuliza: na wakimwita yeye huko Kanada?

Anafungua kopo la sigara, ndani kuna ndoano saba, ndogo kama kucha, zimefungwa kwenye kitambaa cha mafuta zisipate kutu. Mbili kati yake, anasema, hajawahi kuzitumia hapa.

"Nitabeba hizi," anasema. "Nifike, nilale kifudifudi juu ya hiyo barafu yake, niangalie mwenyewe."