Uyoga Wenye Soksi

Nilikuwa na miaka kumi mwaka tuliokula Krismasi mezani kwa mara ya kwanza. Maduka ya Majengo, mtaa wetu mjini Sumbawanga, yalikuwa yameanza kujaa bidhaa tena, na baba, fundi seremala, alipata kazi nyingi za kutengeneza rafu. Mbao zilizobaki akatengenezea meza, tukasafiri nayo juu ya lori mpaka kijijini Mpui kwa bibi, mama yake mzazi. Bibi aliizunguka akiipapasa.

"Ndefu hii," akasema. "Sasa chakula nacho tukipandie?"

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi alinichukua kwenda kuchuma uyoga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Wali na mafuta ya dukani vilikuwa vya kuwaonyesha majirani tu. Chakula chenyewe cha sikukuu kilikuwa ugali wa ulezi na uyoga wa karanga za kutwanga. Kila tulipofika penye kichuguu bibi aliniuliza, "Unauona? Chini una rangi gani?" Nilidhani ananifundisha. Nilichoka kujibu. Kando ya miti, mbali na vichuguu, nikaona uyoga mweupe mkubwa, nikauchuma bila kumwita. Shina lilikuwa na ngozi laini chini, nikaibandua kwa kucha.

"Ni ule ule?" bibi akauliza.

"Ni ule ule, bibi."

Kesho yake, tulipotoka misa, tuliketi sita: bibi, baba, mama, baba mdogo, mimi na mdogo wangu wa miaka minne, aliyekalishwa juu ya debe ili aifikie meza. Baba mdogo alitukumbusha miaka ya kukosa sukari, walivyokunywa chai kwa kulamba chumvi. Tukacheka. Mama akasifu uyoga, akajiongezea. Ndipo bibi akasema, kama mtu anayejisemea, "Mdogo wangu naye aliusifu."

Hatukuwahi kusikia habari za mdogo wake.

"Alikuwa ameolewa huko bondeni," bibi akaendelea. "Walikula mchana, jioni wakacheza ngoma. Alfajiri yeye, mume na watoto wawili wakaanza kutapika. Hakupona hata mmoja. Ule uyoga si mchungu, ndio ubaya wake. Ni mweupe, unaota chini ya miti, na mguuni ni kama umevaa soksi."

Niliiona ile ngozi, niliiona kucha yangu. Tonge lilikuwa mdomoni, sikuweza kulimeza wala kulitema.

"Bibi," nikasema, "mmoja wa jana ulikuwa na soksi."

Mama akamrukia mdogo wangu na kumtia kidole kooni. Mtoto akalia, akatapika juu ya meza mpya. Baba akanishika bega kwa nguvu.

"Upi? Ulichuma wapi?"

"Mwache mtoto," bibi akasema. "Kapu nilibeba mimi."

"Mama," baba akamgeukia, "wewe unaujua uyoga kuliko wote hapa. Hukuuona?"

"Sioni, mwanangu. Tangu mavuno naona vivuli. Nilikuwa natumia macho yake."

Akanyoosha mkono, akavuta bakuli la uyoga, akaanza kula harakaharaka. "Kama ni huo, nitangulie mimi." Baba alimshika mkono. Walivutana, mama na mwana, kimya, mpaka bakuli likaanguka. Sijaona tena kitu kilichonitisha kama kile.

Baba mdogo alichukua baiskeli akaenda kwa muuguzi wa zahanati. Akarudi amelowa jasho na maneno machache: tunywe maji mengi, na wa kwanza kuharisha apelekwe mara moja. Ila muuguzi alisema pia kwamba uyoga mbaya huchelewa kuonyesha dalili.

Basi tukakaa uani kuusubiri. Watu walipita wamevaa mitumba mipya, wakatuita, "Heri ya Krismasi!" Baba akawajibu kwa sauti nzuri kabisa. Kila mmoja wetu alimtazama mwenzake tumboni. Langu lilikuwa linauma kweli, lakini sikusema. Niliamini nikisema tu, itakuwa kweli. Mdogo wangu alilala mapajani kwa mama, na mama akawa anaweka kiganja mbele ya pua yake, anakiondoa, anakirudisha.

Usiku ule ulipita sijui vipi. Kulipopambazuka nilisikia bibi akiita kutoka kitandani kwake, mmoja mmoja. Baba akaitika. Baba mdogo akaitika. Mama akaitika kwa niaba yake na ya mtoto. Bibi aliponiita mimi, koo lilikuwa limekauka, sauti ikagoma. Akaita tena, sasa kwa kupiga kelele, nikasikia akianguka akijaribu kunijia. Nilikimbia nikamkuta sakafuni anapapasa hewa. Akanishika uso, mashavu, tumbo.

"Umetapika?"

"Hapana, bibi."

"Umeharisha?"

"Hapana."

Akanikumbatia akalia. Hakuna aliyeugua. Uyoga ule ulikuwa wa aina gani sijui hadi leo. Mama hakukumbuka kama aliutupa alipokuwa anachambua.

Baada ya siku mbili bibi alipanda lori pamoja nasi kwenda Sumbawanga kuonyesha macho. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho. Walipompasua, jicho la kulia lilirudi kuona, la kushoto lilikuwa limechelewa.