Niliyeshika Saa

Mwaka 2014, pale Kasulu, mimi ndiye niliyeshika saa. Kampuni yetu iliuza majiko banifu ya kuni, na ilikuwa inatafuta meneja wa bidhaa. Wasailiwa kumi na mmoja kwa siku moja, maswali matano, dakika ishirini kila mtu. Wenzangu wawili waliuliza. Mimi nilihesabu dakika na kugonga meza kwa kalamu. Kazi ya kijinga kweli. Kufikia saa nane mchana nilikuwa hoi, hata chai hainishuki.

Wa tisa alikuwa mama mmoja kutoka Rungwe Mpya. Kwa miaka miwili alizunguka vijijini kuwafundisha wanawake kutumia majiko yetu, kwa kujitolea, bila mshahara. "Safari hii nataka ajira," alisema bila kuficha. Ila kabla ya kufika hapo alitusalimia. Jamani! Aliinama, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimiana, akamwuliza kila mmoja wetu habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Mimi mtu wa kuja, shamba nalitoa wapi? Dakika tano zikaenda hivyo.

Majibu yake nayo yalianzia mbali, huku mimi namwombea kimoyomoyo afupishe ili nipumzike. Swali la mwisho, kwamba angerekebisha nini kwenye jiko letu, lilimkuta amebakiwa na dakika moja.

"Kasoro yake, kaka zangu, niliiona kwa jirani yangu. Siku hiyo alikuwa anasonga ugali..."

Nikagonga meza. "Muda umekwisha, dada."

"Nimalizie neno moja tu."

"Hapana. Ndio utaratibu."

Swali hilo likaandikwa sifuri. Kazi alipewa kijana aliyemaliza yote na dakika zikabaki. Yeye alitaka tubadilishe rangi.

Mvua zilipoanza, malalamiko nayo yakaanza: majiko yanapinduka, chakula kinamwagika. Nikatumwa Rungwe Mpya kusikiliza. Nyumba ya kwanza niliyoelekezwa ilikuwa ya yule mama, na nilitamani ardhi inimeze. Akanisalimia vilevile, mwanzo hadi mwisho. Safari hii nilitulia, nikaitikia zote. Jikoni kwake, jiko letu lilikuwa limefukiwa nusu kwenye udongo.

"Siku ile ulitaka kusema nini?" nikamwuliza.

"Miguu imebanana, juu kuzito. Ukisonga ugali linalala. Mlitanulie miguu, au mtu alifukie hivi."

Nikatazama saa kwa mazoea. Haikufika hata nusu dakika. Nilijichukia, nakwambia, na uchovu wa siku ile haukuwa kisingizio.

Nikamwuliza siku hizi anafanya kazi gani.

"Si ndiyo hii, kaka? Napita nyumba hadi nyumba, nawafukia watu majiko yenu," alisema. "Bado najitolea."